Taragoni ya Kifaransa, ya Kirusi au ya Kimeksiko: ipi nipande Lushoto?

Dada_Sosi (Lushoto), Jumapili, saa 2:40 usiku

Wakuu, habari za Jumapili. Nina swali la bustani ambalo ni la jikoni pia, mnivumilie.

Napika kwenye nyumba ya wageni huku Lushoto, vyumba sita tu. Wageni wetu wengi ni wazungu wanaokuja kutembea milimani. Mwaka jana mama mmoja Mfaransa alikaa siku nne, akanifundisha kuku wa krimu na taragoni kwa majani makavu aliyokuja nayo kwenye kichupa. Wageni waliofuata wakampenda yule kuku, bosi akamwandika kwenye menyu, kichupa kikaisha.

Nikaagiza mbegu mtandaoni. Pakiti imeandikwa taragoni, basi, haisemi zaidi. Elfu kumi na mbili, usafiri mbali. Nikazisia kwenye trei mwezi wa tatu, zikaota zote, sijawahi kuona mbegu zenye kiherehere namna ile. Leo zimenifika kiunoni. Majani membamba marefu, kijani kilichopauka, ukiyagusa yanakwaruza kidogo. Nikitafuna nasikia ladha ya majani. Majani tu, kama nimekuwa mbuzi, na uchungu wa mbali nyuma ya ulimi.

Nimelima vibaya? Samadi imezidi? Nimesoma kwamba kuna ya Kifaransa, ya Kirusi na ya Kimeksiko. Mwenye uzoefu anipe tofauti zake na aniambie ipi inafaa huku kwetu mlimani.

MkulimaLimuru, Jumapili, saa 3:15 usiku

Pole dadangu. Hujalima vibaya, umelima Kirusi.

Taragoni ya Kifaransa haizai mbegu. Ni tasa. Mara chache hutoa vijiua, lakini mbegu ya kuota haipatikani humo. Huzalishwa kwa kugawa mizizi au kwa vipandikizi, kwa hiyo kila shina unaloona ni kipande cha shina lingine. Mtu akikuuzia pakiti ya mbegu za taragoni, humo ndani ni Kirusi, hata kama pakiti imechorwa mnara wa Eiffel.

Zote mbili ni mmea mmoja kwa jina la kitaalamu, Artemisia dracunculus, ndiyo maana muuzaji anaweza kukuangalia usoni na kusema hakudanganya. Ya Kirusi inapanda hadi mita moja na nusu, haiogopi ukame, haiogopi udongo mbaya, haiogopi chochote. Imesahau ladha tu.

Namna ya kuzitambua: chuma jani moja, litafune polepole kwa meno ya mbele, ulipeleke kwenye ncha ya ulimi, subiri. Ya Kifaransa inakuja na utamu kama shamari, halafu ncha ya ulimi inakufa ganzi kidogo, karibu kama karafuu lakini kwa upole. Jani lake ni laini, linang'aa, kijani kilichokolea, na mmea wenyewe ni mfupi, sentimita 60 hadi 90. Usiposikia ganzi, usiendelee kuuliza.

Nilifanya kazi miaka minne kwenye shamba la viungo vibichi vya kuuza nje. Hapo tulifukuzwa kwenye tuta kwa kuchanganya miche ya hizi mbili, kwa hiyo somo hili nililipata kwa jasho.

ChefTemeke, Jumapili, saa 3:22 usiku

Mambo mengi kwa ajili ya majani. Weka giligilani, mgeni hatajua.

Dada_Sosi, Jumapili, saa 3:30 usiku

@ChefTemeke mgeni ni Mfaransa. Atajua.

@MkulimaLimuru asante sana. Nimetoka na tochi sasa hivi kutafuna tena. Ganzi hakuna. Nimekaa pale dakika mbili na jani mdomoni, mlinzi akaniuliza kama naumwa jino.

Sasa hiyo ya Kifaransa naipata wapi, na itakubali Lushoto?

MkulimaLimuru, Jumapili, saa 3:51 usiku

Hapo ndipo kuna kazi. Asili yake ni nchi za baridi ya kweli. Kule majira ya baridi majani yote hufa, mizizi hulala chini ya ardhi, ukija mwezi wa nne inaamka na nguvu mpya. Huku kwetu hakuna anayeilaza. Inaendelea kutoa majani mwaka mzima, inachoka, mashina yanakuwa membamba kama uzi, na mwaka wa pili au wa tatu inakuaga.

Nyumbani nilijaribu kuidanganya. Nilikuwa na vyungu vitatu. Nikakata mashina yakabaki vidole viwili, nikaacha udongo ukauke kiasi, nikavifunga kwa mfuko, nikaviweka ndani ya friji, rafu ya chini, wiki tano, karibu na maziwa. Mke wangu hakufurahi. Kimoja kilioza, kimoja kilichipua kikafa, cha tatu kilirudi na majani manene kuliko nilivyowahi kuona. Kimoja katika vitatu, kila mtu apige hesabu yake.

Baridi ni nusu ya shida, nusu nyingine ni maji. Udongo unaotuamisha maji unaua mizizi yake haraka kuliko jua. Changanya mchanga wa mto na kokoto ndogo, panda kwenye tuta lililoinuliwa au chungu chenye matundu, na mvua za masika uizibe na nailoni. Samadi usiipende sana, ukiilisha inakuwa na majani mengi yasiyo na harufu. Na kila miaka miwili au mitatu ing'oe, uigawe mizizi, upande upya, la sivyo katikati inakuwa kuni.

Kuhusu kuipata: tafuta mche ndani ya nchi. Msiagize miche ya nje kwenye sanduku la nguo, tafadhali. Kwetu Kenya kuna KEPHIS, kwenu Tanzania kuna TPHPA, hao ndio wakaguzi wa afya ya mimea, na mmea hai unahitaji kibali kabla haujasafiri. Ugonjwa wa kutu ya majani ya taragoni ukishaingia shambani hutoki.

Ummu_Suleiman (Muscat), Jumatatu, saa 1:05 asubuhi

Assalaam alaykum. Mie niko Muscat mwaka wa 19 sasa, kwetu ni Mkoani Pemba. Hiyo ya Kifaransa nimeizika mara tatu. Nainunua mwezi wa kumi na moja inapendeza, mwezi wa tano jua likikaa sawa inalala moja kwa moja.

Bibie, panda ya Kimeksiko uondokane na maradhi ya roho. Ile si taragoni kwa ukoo, ni Tagetes lucida, nduguye merigoldi, yale maua ya manjano watu wanayoyapanda pembeni ya nyanya. Lakini harufu yake jamani! Ukipita na kanzu ikagusa majani, nyumba nzima inajua. Ni tamu zaidi ya ya Kifaransa, shamari imejaa, ganzi haina. Jua inalipenda. Hapa kwetu kiangazi naiwekea kivuli cha alasiri tu na maji jioni, inaendelea. Kikipungua kijua, inatoa vijiua vidogo vya rangi ya dhahabu, navyo vinaliwa.

Kuipata rahisi: ya mbegu inaota, na kijiti ukikitia kwenye gilasi ya maji siku kumi kina mizizi.

Hapa Muscat ukienda kwenye mikahawa ya Wairani wanakuletea sahani ya majani mabichi na mkate na jibini kabla ya kebabu, na tarkhuni imo. Wanaila hivyohivyo, jani kwa jani, kama sisi tunavyochukua kachumbari. Hiyo ndiyo taragoni yenyewe, na kwa hilo ya Kimeksiko haifai, utamu wake unachosha ukiila mbichi kwa wingi.

MtotoWaLushi (Bruxelles), Jumatatu, saa 4:12 asubuhi

Jambo kwenu bote. Miye ni wa Lubumbashi, napika hapa Bruxelles miaka 11, na kwa heshima yote mama Ummu, merigoldi kwenye béarnaise, ile sosi ya Kifaransa ya siagi na viini vya mayai, hapana. Hapana kabisa.

Huku hata vibanda vya viazi vya kukaanga vinauza béarnaise, watu wanachovya viazi humo kama vile tunachovya ugali kwenye sombe, kisamvu chenu. Sosi hiyo ina kazi moja, kubeba taragoni. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba ilianza miaka ya 1830 kwenye mkahawa wa Saint-Germain-en-Laye, karibu na Paris, uliobeba jina la mfalme Henri IV ambaye kwao ni Béarn. Hadithi za wapishi zina chumvi, lakini sosi ni ya kweli.

Dada_Sosi, andika. Katakata vitunguu vidogo vyekundu viwili, vidogo kabisa. Tia kwenye sufuria ndogo na siki nyeupe vijiko vinne, pilipili manga ya kuponda, na MASHINA ya taragoni. Usitupe mashina, harufu imo. Wengine wanaongeza divai nyeupe, asiyetumia pombe aongeze maji na siki, hakiharibiki kitu. Chemsha hadi vibaki vijiko viwili, chuja. Acha ipoe, tia viini vitatu vya mayai, weka bakuli juu ya sufuria ya maji yanayotoa mvuke bila kutokota, upige mpaka iwe nzito kama uji wa mtoto. Halafu siagi iliyoyeyushwa, gramu 200, uimimine kama uzi huku unapiga. Ukimwaga haraka inakatika, unabaki na mayai ya kukaanga kwenye mafuta. Mwisho kabisa, moto umezimwa, tia majani mabichi yaliyokatwa.

Moto umezimwa! Taragoni ikitokota inakuwa nyasi. Hata kwenye kuku wako wa krimu, nusu tia mwanzoni ipate kukolea kwenye mchuzi, nusu tia ukiwa umeshapakua.

Ummu_Suleiman (Muscat), Jumatatu, saa 6:30 mchana

Mwanangu, mie sikusema béarnaise. Dada kauliza apande nini Lushoto, hajauliza apande nini Paris.

MtotoWaLushi (Bruxelles), Jumatatu, saa 6:41 mchana

Mama, nimekubali kipigo. Ila kwenye menyu yake aandike ukweli.

Mzee wa Marangu, Jumatatu, saa 2:00 usiku

Vijana hamjambo. Mjukuu wangu ndiye anaandika, mimi nasema.

Nilisoma Tbilisi kuanzia 1982, katika Jojia ya wakati ule ikiwa ndani ya Umoja wa Kisovieti. Kulikuwa na soda ya kijani kibichi inaitwa Tarkhun. Mara ya kwanza nilidhani ni dawa ya kusafishia sakafu. Ukishafungua chupa, harufu inatoka kama shamari na nyasi zilizokatwa asubuhi. Wajojia walituambia sharubati yake ilitengenezwa 1887 na mfamasia wao, Mitrofan Lagidze, na walikuwa wanaitaja kwa majivuno kama sisi tunavyotaja kahawa yetu.

Na wakati wa Pasaka wanapika chakapuli. Nyama ya mwanakondoo, squash zile za kijani chachu wanazoita tkemali, divai nyeupe, kitunguu, na taragoni. Siyo kijiko, siyo kijani cha kupambia sahani. Mafungu. Mama mwenye nyumba alikuwa anarudi sokoni na kapu zima, anaosha kwenye karai. Kwa hiyo huyu kijana wa Bruxelles anayesema inakuwa nyasi ikitokota, pale inatokota na mwanakondoo saa nzima, inakuwa mchuzi. Inategemea una majani kiasi gani.

(Mjukuu hapa: babu anamaanisha plamu, siyo squash. Nimemsikia vibaya, samahanini.)

ChefTemeke, Jumatatu, saa 2:14 usiku

Shikamoo mzee. Plamu chachu hatuna, nimefikiria ukwaju au embe bichi na nyama ya mbuzi. Sasa ndiyo nimeanza kupendezwa na hii mada.

Lakini nina swali zito. Artemisia si ndiyo ile ya malaria? Kwa hiyo dada anapikia wageni dawa?

MkulimaLimuru, Jumatatu, saa 2:40 usiku

Ukoo mmoja, watoto tofauti. Ya dawa ni Artemisia annua, inayotoa artemisinini inayotumika kwenye dawa mseto. Pakanga nayo ni ya ukoo huohuo, ndiyo maana dada anasikia ule uchungu wa mbali. Taragoni haitibu malaria. Ukihisi homa nenda kapime.

Na kwa kuwa umegusa upande huo: kinachotoa ile harufu tamu ya ya Kifaransa kwa sehemu kubwa ni estragoli. Panya waliolishwa kwa wingi mkubwa walipata uvimbe wa ini. Majani ya kwenye kuku ni kiasi kidogo, watu wamekula karne nyingi. Mafuta yake yaliyokamuliwa ndiyo usiyanywe, na mjamzito asijipikie chai yake nzito kila siku.

Ummu_Suleiman (Muscat), Jumatatu, saa 3:02 usiku

Nimesahau jambo la Kimeksiko. Kule Meksiko kwenyewe wanaiita pericón. Mahindi mabichi wanayachemsha na matawi yake ndani ya sufuria. Mie nimejaribu, mahindi yanatoka na harufu kama yamepitiwa na mtu aliyejipaka manukato. Wanangu waliuliza kama nimetia pipi. Tia tawi moja, chumvi, funika. Kwa mama wa Lushoto mwenye mahindi mabichi nje ya mlango, hiyo si ndogo.

MkulimaLimuru, Jumatatu, saa 3:20 usiku

Basi wacha niseme yangu nilale. Dada, ya Kirusi kata uwape mbuzi, ukiacha machipukizi machanga machache ya saladi, hayo yana afadhali. Ya Kifaransa panda vyungu viwili vya mapenzi, usiitegemee kwenye menyu. Ya Kimeksiko ndiyo ya biashara yako. Tumia theluthi mbili ya kipimo cha mapishi, maana utamu wake unatawala, na kamulia ndimu mwishoni kuushusha.

Na ya Kifaransa usiikaushe. Ikikauka inabaki kumbukumbu. Ukiwa na ziada, jaza majani kwenye chupa ya siki nyeupe, yazame yote, wiki tatu gizani, chuja. Au yakate, uyasage na siagi, ugandishe.

Dada_Sosi (Lushoto), Jumamosi, wiki tatu baadaye, saa 4:10 usiku

Wakuu, nimerudi, na nimerudi na aibu.

Jumanne ya juzi nilipeleka mayai kwa masista wa hapa jirani. Nikapita kwenye njia yao ya maua, sketi ikagusa kichaka cha maua ya manjano, harufu ikanipiga. Nikasimama. Nikavunja jani, nikalisugua kiganjani, shamari tupu. Nimepita njia ile miaka saba! Sista mzee ananiambia ililetwa zamani kama maua, wao wanachemshia chai tumbo likijaa gesi, jina hawalijui. Ameniangalia nikitafuna maua yao, akacheka, akanipa matawi kumi na mawili. Yako kwenye chupa za maji dirishani, tisa yametoa mizizi tayari.

Bosi alikuwa Dar, akaniletea pakiti ya Kifaransa mbichi, gramu 20. Nimeifungua nikafanya kama MkulimaLimuru alivyosema. Ganzi ilikuja! Ndogo, kwenye ncha, halafu ikaondoka. Nimeelewa sasa watu wanagombania nini.

Jana nimefanya mayai ya kukunja sahani tatu kwa siagi, chumvi na majani tu, nikawalisha mlinzi, bosi na mgeni mmoja Mbelgiji bila kuwaambia. Ya Kirusi wote waliiita mayai. Ya Kifaransa Mbelgiji alifunga macho, bosi akasema nzuri lakini ina kitu cha hospitali, mlinzi akaiacha nusu. Ya Kimeksiko mlinzi na bosi waligombania, Mbelgiji akasema ni tamu kidogo kuliko alivyozoea ila angeila tena kesho. Na kesho yake, yaani leo, ameomba.

Kwenye kuku wa krimu nimefuata theluthi mbili na ndimu. Inakubali. Bila ndimu inaelekea kwenye peremende.

Menyu nimebadilisha, @MtotoWaLushi usinisute: "Kuku wa krimu na taragoni ya Kimeksiko kutoka bustani ya jirani." Béarnaise nimejaribu mara mbili kwa ile pakiti. Ya kwanza ilikatika kama ulivyotabiri, ya pili ilisimama, majani yakaisha.

MtotoWaLushi (Bruxelles), Jumamosi, saa 4:25 usiku

Ikisimama mara moja, umejua. Na hilo neno la hospitali mwambie bosi ni karafuu anayoikumbuka kwa daktari wa meno. Wapishi wangu wapya pia wanasema hivyo.

Mzee wa Marangu, Jumamosi, saa 4:48 usiku

Dada, naomba mche mmoja wa hiyo ya masista. Mbuzi ninaye, embe bichi zipo. Nataka kumjaribu huyu kijana wa Temeke.

Dada_Sosi (Lushoto), Jumamosi, saa 4:55 usiku

Shikamoo babu. Miwili. Nimeiviringisha kwenye gazeti bichi ndani ya kopo la maziwa, juu nimetoboa. Nampa kondakta wa basi la Moshi Jumatatu alfajiri, mjukuu akasubiri stendi. Usipande kwenye jua kali wiki ya kwanza.